Mshumaa wa nne na jani la isale

Jumapili ya kwanza ya Majilio bibi hupiga simu Dar es Salaam hata kabla hatujabadili nguo za kanisani. Haulizi habari za afya. Anataka kujua nani anapanda Moshi, na lini. Ukijibu "tutaangalia, bibi", unaambiwa godoro lako limepata mwenyewe. Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi iliporudi Desemba 2019, baada ya kimya cha zaidi ya miaka 20, hakuna aliyefurahi kama yeye: kisingizio cha mabasi kujaa kilikuwa kimekufa.

Wachaga tunataniwa sana kwa safari hii ya Desemba, na sina haraka ya kututetea. Wapo wanaopanda mlimani kuonyesha gari. Ila ukifika Marangu wiki mbili kabla ya sikukuu utakuta shughuli nyingine kabisa.

Sebuleni kwa bibi kuna sinia la bati lenye matawi mabichi na mishumaa minne. Ni mishumaa ileile ya dukani ya kuwashwa umeme ukikatika, imefungwa utepe wa zambarau. Kila Jumapili unawashwa mmoja zaidi. Wajukuu wakiuliza zimebaki siku ngapi, bibi anawaonyesha sinia: hesabuni wenyewe. Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1839, huko Hamburg, Johann Wichern alichoka kuulizwa na watoto maskini aliowalea Krismasi itafika lini, akachukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo ya siku za kazi na minne mikubwa ya Jumapili. Walutheri wa Leipzig, Wajerumani kama yeye, walifika Machame, huku mlimani kwetu, mwaka 1893. Bibi, kwa upande wake, anaamini shada hili la mishumaa ni mali ya usharika wake tangu dunia iumbwe.

Jioni ni wimbo, neno, halafu sala. Sala ya bibi ndiyo ndefu. Anawataja watoto wake kwa mfuatano wa kuzaliwa, kisha wajukuu, na yule asiyepiga simu anatajwa kwa sauti ya juu kidogo. Mtori unapoa jikoni na hakuna anayethubutu kukohoa.

Katikati ya wiki kuna kazi. Makaburi yaliyo kihambani, kwenye shamba la ukoo, yanapaliwa. Ulezi umeshaota na kuanikwa, ndizi mbivu zinachemshwa kwa ajili ya pombe ya mbege, na shangazi haruhusu mtu mwingine aguse magome ya msesewe, maana ukizidisha, pipa zima linakuwa dawa.

Lakini kazi ngumu kuliko zote ni ya midomo. Kwa bibi, mshumaa wa nne hauwashwi kama kuna ndugu wawili hawasalimiani. Mwaka juzi walikuwa baba na baba mdogo. Ugomvi ulikuwa wa migomba mitatu iliyo kwenye mpaka, na mpaka wenyewe ni safu ya isale, mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba na kando ya makaburi. Ni mmea huohuo ambao aliyekosa humpelekea jani lake aliyekosewa, na kulikataa jani hilo ni jambo zito.

Bibi alinituma nikate jani palepale mpakani. Nilidhani ni kwa sababu ni karibu. Sasa sidhani hivyo. Baba alilishika muda mrefu, akalipiga fundo, akalifungua, akalipiga tena. Kisha akampa mzee wa kanisa alipeleke ng'ambo ya pili, mwendo wa hatua arobaini hivi. Wapo waumini wasiopenda isale kuchanganywa na Majilio, wanasema ni mambo ya mizimu. Bibi hana mjadala nao: kuomba msamaha kumeagizwa na Biblia, jani ni bahasha tu.

Siku mbili kimya. Jumapili ya nne, baada ya ibada na mnada wa kuku na mikungu ya ndizi, baba mdogo aliingia bila kubisha hodi, akakaa kiti cha karibu na mlango. Hakuna aliyetaja migomba. Bibi alimsogezea kiberiti. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na njiti zilikuwa na unyevu. Ya kwanza ilikatika, ya pili ikatoa moshi tu. Baba akainuka, akamkingia upepo kwa viganja.