Nyota Nne na Nusu Kwenye Kopo la Milo

Milo ni mzaliwa wa Australia. Ilibuniwa na Thomas Mayne wa kampuni ya Nestlé, na mwaka 1934 ikaonyeshwa kwa umma kwenye Maonyesho ya Pasaka ya Sydney. Leo kopo lake la kijani linafahamika hata Nairobi na Dar es Salaam. Na ni huko huko Australia, miaka zaidi ya 80 baadaye, lilikozua ubishi unaofaa kuchambuliwa na kila anayesoma lebo za vyakula.

Mwaka 2014 Australia ilianzisha mfumo wa nyota za afya. Chakula cha pakiti hupewa kuanzia nusu nyota hadi nyota 5, kwa kupima sukari, chumvi, mafuta na virutubisho vyake. Kampuni hujiunga kwa hiari. Kopo la Milo likatoka na nyota 4.5.

CHOICE, chama cha kutetea walaji kilichoanzishwa mwaka 1959 na chenye makao yake Sydney, kilipinga. Kwa ufupi, hoja yake ilikuwa hii: nyota zihesabiwe kwa unga uliomo koponi. Unga huo peke yake hupata nyota 1.5. Nyota 4.5 zimepatikana kwa kuhesabu Milo iliyokorogwa kwenye maziwa yaliyoondolewa mafuta, na wanywaji wengi hawaikorogi hivyo. Kwa hiyo nyota hizo zinampotosha mnunuzi.

Hitimisho kuu la hoja hiyo ni lipi? Wengi watajibu haraka kwamba CHOICE kilisema Milo ina sukari nyingi mno. Sivyo. Mtu anaweza kuipenda Milo, akainywa kila asubuhi, na bado akakubaliana na hoja hiyo neno kwa neno.

Njia ya kulipata ni kuishika kila sentensi na kuiuliza maswali mawili: kwa nini niiamini, na ikishakubaliwa inatupeleka wapi? Nyota 1.5 ni sababu. Maziwa nayo ni sababu. "Zinampotosha mnunuzi" inaonekana kama mwisho wa safari, hasa kwa kuwa imetanguliwa na "kwa hiyo", lakini bado inabeba mzigo wa sentensi nyingine: inatueleza kwa nini hesabu ibadilishwe. Hilo ni hitimisho la kati. Hitimisho kuu lilitajwa mwanzoni kabisa, kwamba nyota zihesabiwe kwa kilichomo koponi. Sentensi nyingine zote zinaliegemeza, nalo haliegemezi nyingine yoyote.

Tofauti hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana. Anayejibu kwamba Milo ina vitamini na madini hajaigusa hoja. Anayesema kwamba kanuni za wakati ule ziliruhusu kuhesabu na maziwa amesema kweli, ila CHOICE kilitaka kanuni zenyewe zibadilike. Mwaka 2018 Nestlé iliziondoa nyota 4.5 kwenye kopo. Baadaye kanuni nazo zikarekebishwa, bidhaa ipimwe kama inavyouzwa, isipokuwa chache kama zile zinazochanganywa na maji.

Kazi huwa ngumu zaidi pale hitimisho lisipoandikwa popote. Huko huko Australia, maduka makubwa ya Coles yalikuwa yakitangaza mkate kwa maneno yenye maana ya "umeokwa leo, unauzwa leo". Jeff Kennett, waziri mkuu wa zamani wa jimbo la Victoria, alilalamika alipogundua kwamba mkate wa namna hiyo ulitoka Ireland. Ulikuwa umeokwa nusu, ukagandishwa, ukasafirishwa, kisha ukamaliziwa kwenye oveni ya dukani. Kila neno la tangazo lingeweza kutetewa, maana oveni iliwaka kweli siku hiyo. Lakini mnunuzi alisukumwa afikie hitimisho ambalo halikuchapwa: kwamba mkate huo ulikandwa na kuokwa palepale asubuhi ile.

Shauri lilifika mahakamani, na Mahakama ya Shirikisho, mbele ya Jaji Mkuu wake wa wakati huo James Allsop, ililipima tangazo kwa hitimisho hilo. Mwaka 2014 iliamua kwamba wateja walipotoshwa, ikaipiga Coles marufuku ya miaka 3 kuutangaza hivyo mkate wa aina hiyo, na kuiamuru ibandike madukani mwake tangazo la kuwaeleza wateja kwamba ilivunja sheria. Mwaka uliofuata Coles ikatozwa faini ya dola milioni 2.5.