Kurasa Mbili Zinazotazamana: Mpangilio kama Kijenzi cha Maana katika Majarida ya Muziki

1.0 Utangulizi
Katika uchambuzi wa matini za majarida, maneno ndiyo hupewa uzito, ilhali mpangilio wake huachiwa wachapaji. Makala haya yanafafanua kaida za kupanga kurasa mbili zinazotazamana katika majarida ya muziki ya Uingereza na Marekani. Hoja yake ni kwamba kaida hizo humwelekeza msomaji nani anazungumza na kauli yake ipokewe vipi.

2.0 Kaida za Mpangilio
Kwa kawaida, mahojiano makubwa na msanii hufunguliwa kwa kurasa mbili zinazochukuliwa kuwa uwanja mmoja. Ukurasa mmoja hujazwa picha. Wa pili hubeba kichwa, aya fupi ya utangulizi, majina ya mwandishi na mpigapicha, kisha safu za matini. Herufi ya kwanza, yenye kimo cha mistari kadhaa, huonyesha pa kuanzia. Uso wa msanii huepushwa na mkunjo wa katikati, kwani kinachoangukia hapo humezwa.

Kress na van Leeuwen (1996) wanaeleza kuwa, katika jamii zinazosoma kutoka kushoto kwenda kulia, upande wa kushoto huelekea kubeba taarifa inayojulikana na wa kulia taarifa mpya. Kwa mtazamo huo, picha ikiwa kushoto, msomaji huanza na sura anayoifahamu, kisha huingia katika maneno asiyoyajua. Ikihamia kulia, sura yenyewe huwa ndiyo habari.

Kaida yenye athari kubwa zaidi ni nukuu iliyokuzwa, yaani sentensi inayochomolewa katika mahojiano na kuchapishwa kwa herufi kubwa kati ya safu. Msomaji huiona kabla ya swali lililoizaa. Hivyo, kauli ya mzaha huweza kusomeka kama tamko, na msanii akahukumiwa kwayo.

3.0 Kaida Inapovunjwa
Mwaka 1994, David Carson, mkurugenzi wa sanaa wa jarida la Ray Gun la Marekani, aliyaona mahojiano na mwimbaji Bryan Ferry kuwa yanachosha. Aliyapanga kwa Zapf Dingbats, fonti yenye alama badala ya herufi. Matini inayosomeka iliwekwa nyuma ya toleo hilohilo. Maneno hayakupotea, kilichobadilika ni cheo chake. Maoni ya msanifu yalitangulia, sauti ya msanii ikafuata.

4.0 Hitimisho
Mtafiti anayenakili maneno pekee hupoteza ushahidi wa namna hiyo. Kwa Kiswahili, kilichoandikwa kwa hati ya Kiarabu kutoka kulia na kwa hati ya Kilatini kutoka kushoto, tahadhari ni kubwa zaidi: upande wa taarifa mpya hauwezi kudhaniwa tu. Inafaa kila nukuu ihifadhiwe pamoja na mahali pake ukurasani, ukubwa wa herufi zake na swali lililoitangulia.