Maji Maangavu Si Lazima Yawe Salama

Maji ya bomba katikati ya Nairobi hutoka hasa milima ya Nyandarua, katika mabwawa ya Ndakaini na Sasumua. Husafishwa na kutiwa klorini, dawa iuayo vijidudu. Lakini upande wa magharibi, kama Karen na Dagoretti, watu wengi hutumia visima virefu vilivyochimbwa kwa mitambo. Maji yake hupita katika mawe ya volkano na kuchukua madini ya floraidi.

Floraidi kidogo hulinda meno. Ikizidi, meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Ikizidi sana kwa miaka mingi, huharibu mifupa. Ndiyo sababu Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita moja. Tena Katiba ya 2010, kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya maji safi na salama.

Wengi hudhani kuchemsha kwatosha. Sivyo. Kuchemsha huua vijidudu, bali floraidi hubaki. Basi yampasa mwenye kisima apeleke maji yake yapimwe, na mpangaji aulize cheti cha kipimo kabla ya kuwanywesha watoto wake.