Mizani Inaposimama

Wapo ndugu wengi siku hizi, wake kwa waume, ambao kwa nia ya kupunguza unene wameacha mkate, wali na sukari, wakashika nyama, samaki na mayai. Majuma ya kwanza huwa ya furaha: nguo hulegea na mizani hushuka. Kisha mizani husimama mahali pamoja, juma baada ya juma, ingawa mtu hajavunja sharti lake. Hapo wengi hukata tamaa. Na wengine, khasa vijana, hujitia katika njaa kali au hununua vidonge wasivyovijua. Kwa hiyo twaona ni wajibu kulieleza jambo hili.

Kwanza yafaa ifahamike kwamba upungufu wa siku za awali si mafuta matupu. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, na kila gramu 1 ya akiba hiyo hushikamana na maji kadiri ya gramu 3. Mtu aachapo wanga, akiba hupungua na maji hutoka. Mshuko ule wa haraka hauwezi kuendelea, na kukoma kwake si dalili ya kushindwa.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana mjini New York. Mwaka 1928 Vilhjalmur Stefansson, msafiri aliyekaa miaka kadhaa miongoni mwa Wainuiti wa kaskazini ya mbali, alikubali pamoja na mwenziwe Karsten Andersen kula nyama tu kwa muda wa mwaka mmoja, wakiangaliwa na madaktari katika hospitali ya Bellevue. Juma la kwanza walipungua kwa kutokwa na maji. Baada ya hapo uzito wao ulikaa karibu pale pale. Kila siku walipata kalori kati ya 2,000 na 3,100, nyingi zake zikitoka katika mafuta, nazo zilitosha kulinganisha matumizi ya miili yao. Basi nyama haina uchawi. Huwasaidia wengi kwa kuwa hushibisha upesi, lakini haifuti hesabu ya kinachoingia na kinachotumika.

Na hesabu hiyo hubadilika. Mwili uliopungua huhitaji chakula kichache kuliko ulipokuwa mkubwa, tena hubana matumizi yake. Chakula kilichompunguza mtu wa kilo 95 chaweza kumtosheleza barabara afikapo kilo 82.

Afanyeje basi? Kwanza, apime chakula chake chote kwa juma moja, pamoja na samli, siagi na maziwa ya chai. Gramu 1 ya mafuta ina kalori 9, na ya protini ina 4. Vijiko vikubwa 2 vya samli hupita kalori 200. Wala mwenye kufunga asidhani kwamba njaa ya mchana hufuta futari nzito ya usiku. Apunguze mafuta ya kuongeza, lakini asiyaondoe yote: Stefansson alipopewa nyama isiyo na mafuta aliharisha, akapona aliporudishiwa mafuta.

Pili, ajipime mara moja kwa juma, siku ile ile na saa ile ile, na kiuno akipime kwa utepe. Kwani chumvi, choo na siku za mwezi za wanawake huweza kuficha upungufu wa kweli. Tatu, atembee, na afanye mazoezi ya kunyanyua vitu vizito ili asipoteze misuli. Nne, alale vya kutosha, maana usingizi mchache huzidisha njaa.

Lakini mwenye kutumia insulini au dawa za shinikizo la damu, mwenye maradhi ya figo, mja mzito na anayenyonyesha, wasianze chakula cha namna hii bila ya daktari. Wengine lehemu ya damu huwapanda kwa mafuta ya nyama. Nao wapimwe damu.

Na nyumba nzima imsaidie. Asichekwe mezani, wala asilazimishwe kula kwa ajili ya heshima ya mpishi. Mizani iliyosimama nayo ina habari njema: uzito ulioondoka haujarudi.