Mzigo wa Neno "Hizo": Sarufi ya Kanusho la Serikali Mitandaoni

Mnamo Februari 2020, UVIKO-19 ilipoanza kuenea, ulizuka huko Taiwan uvumi kwamba malighafi ya barakoa ndiyo hiyo hiyo ya karatasi za chooni, hivyo karatasi zingeadimika. Watu walikimbilia madukani. Waziri Mkuu, Su Tseng-chang, alijibu kwa katuni mtandaoni iliyomwonesha amegeuka akitikisa makalio, pamoja na kauli kwamba kila mtu anayo jozi moja tu. Kauli hiyo ilitumia neno la Kihokkien cha nyumbani, si la Kimandarini cha ofisini. Katuni ilieleza pia kwamba karatasi hizo hutokana na rojo ya mbao kutoka Amerika Kusini, ilhali barakoa hutumia malighafi ya ndani.

Wanaosimulia kisa hiki husifu ucheshi. Kwa maoni yetu, ucheshi ulifungua mlango tu. Kilichoingia ni sababu.

Tulinganishe na sentensi iliyozoeleka katika Kiswahili cha ofisi: "Taarifa hizo si za kweli, zipuuzwe." Kionyeshi cha urejeshi "hizo" humdai msomaji awe anajua kinachokanushwa. Asiyejua huenda kuutafuta uvumi wenyewe. Anayejua hapewi ukweli wa kuweka mahali pake. Kitenzi "zipuuzwe", kikiwa katika kauli ya kutendwa, hakimtaji mtenda. Uvumi nao humficha msemaji wake nyuma ya "inasemekana". Kisarufi basi, wawili hawa wanalingana, isipokuwa uvumi umetangulia kufika.

Kiswahili kina "eti", neno libebalo kwa pamoja maneno ya mwingine na shaka ya msemaji. Hata hivyo, likitamkwa na wizara huweza kusikika kama dhihaka kwa mzazi aliyeogopa kwa dhati. Mpangilio uliopendekezwa na George Lakoff unafaa zaidi: ukweli kwanza, uvumi kwa ufupi, kisha ukweli tena. Mathalani: "Maji ya bomba yamepimwa leo na ni salama. Ujumbe unaodai yana sumu ni wa uongo. Matokeo ya vipimo ni haya." Hapa "haya" hurejelea kitu kilicho mbele ya macho ya msomaji.

Mzaha, bila shaka, haufai penye msiba. Wala nembo na mhuri havitoshi: waghushi huiga muundo ule ule wa "Taarifa kwa Umma", hadi saini.