Arowana wa Kapuas (2): Bwawani tele, mtoni haba

Wiki iliyopita tulimwona arowana mwekundu sokoni, ambako wapo wanaouzwa kwa bei ya gari kwa kuwa magamba yao huwakumbusha wanunuzi wa Kichina joka la bahati. Leo tumfuate kwao: mto Kapuas na maziwa ya Sentarum, Kalimantan Magharibi, nchini Indonesia.

Samaki huyu si mwepesi wa kuongezeka. Sato jike wetu hubeba mayai mdomoni kwa mamia; kwa arowana mbebaji ni dume, na mayai yake, makubwa kama gololi, ni makumi tu. Mvuvi akimnasa wakati huo, humpanua kinywa na kuondoka na kizazi kizima.

Mwaka 1975 mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, ulimweka kwenye orodha ya ulinzi mkali kuliko zote. Baadaye mashamba yaliyosajiliwa yakaruhusiwa kuuza samaki ambao wazazi wao nao walizaliwa bwawani, kila mmoja na kitambulisho cha kielektroniki mwilini. Biashara ikanoga. Mimi sioni la kujivunia sana hapo: kilichookolewa ni bidhaa. Samaki wa mabwawa huchaguliwa kwa wekundu wao, na wengine wamechanganywa mbegu. Huwezi kuwamwaga mtoni ukadai umerudisha asili.

Na mto wenyewe umechafuka. Wachimbaji wa dhahabu wasio na leseni hunyonya mchanga wa chini kwa pampu, kisha huinasa dhahabu kwa zebaki, kama wafanyavyo wachimbaji wadogo wa Geita. Tope huziba matamvua ya samaki. Zebaki hupanda kutoka kwa viumbe wadogo hadi kwa wanaowala, ikilimbikizana.

Michikichi huua taratibu zaidi. Arowana huwinda juu ya maji, na riziki yake kubwa ni wadudu wa kwenye matawi yaliyoinamia mto. Huruka hata kuwanyakua. Msitu wa kingoni ukifyekwa kupisha mashamba ya michikichi, mifereji ikachimbwa kukausha vinamasi, kivuli na chakula huondoka pamoja.

Sentarum ni hifadhi ya taifa tangu 1999. Lakini mvua zikishika, Kapuas hufurika na kuyajaza maziwa hayo. Kiangazi maji hurudi mtoni. Hivyo hifadhi hupokea chochote kilichobebwa na mto, mpaka uwe umechorwa wapi. Ingekuwa juu yangu, kabla ya kusajili bwawa jingine ningelinda kwanza ukanda wa miti kando ya vijito vya juu, shamba la michikichi lisiuguse.

Mafuta ya michikichi hiyo hufika hadi majikoni mwetu. Safari hiyo tutaifuata juma lijalo.