Nywele zikinyonyoka pembeni, usikimbilie mafuta

Kwa baridi ya huku milimani Lushoto, ukiniona na kitambaa kichwani huwezi kushangaa. Ila leo niseme ukweli: huu mwaka wa kumi kitambaa changu si cha baridi. Nywele za mbele na juu ya masikio zimekwisha.

Kilichonifanya niandike ni binti yangu. Kamaliza kidato cha nne, shuleni miaka yote alikuwa ananyoa. Siku ya gulio karudi kasukwa rasta, zimevutwa mpaka macho yamemrefuka, na usiku kalala kwa panadol. Anasema ndiyo urembo. Hata mimi nilisema hivyo hivyo.

Jamani, maumivu yale ni shina la nywele linavutwa. Likivutwa mwezi baada ya mwezi linavimba, vinatoka vipele, nywele zinakuwa nyembamba pembezoni. Ukiacha mapema zinarudi. Ukiendelea miaka, shina linakufa na kubaki kovu, na juu ya kovu hakuna kinachoota. Utafiti wa Afrika Kusini uliotoka 2007 ulikuta tatizo hili kwa karibu theluthi moja ya wanawake wazima. Kibaya zaidi ni kusuka juu ya nywele zilizowekwa dawa.

Lakini si kila nywele zinazopungua ni kusuka. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Ukijifungua, au ukiugua homa kali, baada ya miezi miwili mitatu zinaweza kumwagika kichwa kizima. Hizo hurudi zenyewe. Kukosa damu nako kunazipunguza, kwa hiyo kapime. Mtoto mwenye viraka na magamba huenda ni mapunye: anahitaji vidonge wiki kadhaa, maana dawa ya kupaka peke yake haifiki kwenye shina. Na akina baba, upara wa utosini ni wa kurithi. Minoxidil ya kupaka husaidia baadhi yao, ila ukiacha kupaka, zilizoota zinaondoka.

Mafuta ya mnyonyo, vitunguu, vyote nimepaka. Mnyonyo unalainisha, sikatai, ila haufufui shina lililokufa. Anzeni hospitali ya wilaya. Ikishindikana, KCMC Moshi kuna kituo cha magonjwa ya ngozi tangu miaka ya 1990, na kichwa nacho ni ngozi. Mimi nilichelewa. Daktari alinieleza wazi kwamba pa mbele hapatarudi.

Binti nimemfumua usiku ule ule. Kanuna siku mbili, pesa ya msusi imepotea. Bora anune. Tumekubaliana: asuke kubwa kubwa, zisizobana, azikae wiki chache tu, na ikiuma anyanyuke kwenye kiti.

Wasusi mliomo humu, mteja akisema anaumia huwa mnalegeza, au mnamwambia avumilie? Nasubiri majibu.